Mashine Iliyozimika Kila Saa Tisa

Kengele ya saa saba ilipolia, Keza aliweka madaftari yake ndani ya mfuko wa plastiki, akaubana mfuko kwapani na kushika njia ya kurudi nyumbani. Ilikuwa mwezi wa Aprili. Mvua ilinyesha karibu kila asubuhi, na barabara ya Kavimvira iendayo mpakani ilikuwa tope tupu. Malori yaliyotoka upande wa Burundi yalipita yakirusha maji machafu mpaka kwenye meza za wabadilisha fedha. Hata Keza atembee pembeni namna gani, alifika nyumbani na madoa kwenye blauzi yake nyeupe na sketi yake ya buluu.

Alikuwa na sare moja tu. Kila asubuhi mwalimu wa darasa la sita alisimama mlangoni na kuwakagua wanafunzi mmoja mmoja, na aliyekuja na sare chafu au mbichi alirudishwa nyumbani. Kwa hiyo kila mchana Keza aliifua sare yake, akaikamua kwa nguvu zote, kisha akaanza kuhangaika na mahali pa kuianika. Jua lilitoka kidogo na kujificha. Kamba ya uani ilijaa mashuka ya wagonjwa.

Mama yake, Generose, alikuwa mtunza dawa wa kituo cha afya. Walikaa katika nyumba ndogo nyuma ya kituo, Keza, mama na Arakaza, mdogo wake wa miaka minne. Ukuta wa nyuma wa chumba cha dawa ulitazama ua wao, na juu kidogo ya ardhi palikuwa na sanduku jeupe la chuma lenye feni ndani yake. Hiyo ilikuwa sehemu ya nje ya kiyoyozi, au mashine ya baridi kama walivyoiita watu wa hapo. Ndani ya chumba ilitoa ubaridi; huku nje ilipuliza hewa ya moto.

"Ile kitu si ya kuchezea," Mama Generose alikuwa amewaambia watoto wake siku ilipofungwa. "Dawa zote za mtaa huu zinaitegemea. Msiiguse hata kwa kidole."

Lakini siku moja Keza alipita mbele ya feni na beseni lake la nguo, akahisi ule upepo wa moto mikononi. Akasimama. Akaangalia huku na huku. Akaitandaza blauzi mbele ya sanduku, ikajaa upepo kama tumbo. Akaitandaza sketi juu yake, akazifunga zote mbili kwa kipande cha kitenge ili zisianguke. Baada ya saa moja na nusu sare ilikuwa imekauka kabisa.

Tangu siku hiyo hakuhangaika tena na kamba. Mama alikuwa katika chumba cha dawa hadi saa kumi na moja, wala hakuwa na sababu ya kuja uani. Keza aliongeza soksi, kisha taulo, kisha kaptula za Arakaza. Kabla mama hajarudi, nguo zote zilikuwa zimekunjwa kitandani.

Wiki ya pili, mashine ilianza kuzimika.

Ilifanya kazi vizuri tangu asubuhi. Ikifika kama saa tisa, inanguruma, inatetemeka, halafu kimya. Jioni inawaka yenyewe. Mama Generose alikuwa na kipimajoto kilichotundikwa karibu na rafu, naye aliandika joto la chumba asubuhi na mchana. Siku zote alikuwa ameandika ishirini na nne. Sasa aliandika thelathini na mbili, thelathini na nne, thelathini na tano.

"Sielewi," alisema jioni moja akimenya mihogo. Uso wake ulikuwa umechoka. "Dawa hazipendi joto hili. Vile vipimo vya malaria ndivyo vinanitia wasiwasi zaidi. Kipimo kikipikwa na joto kinaweza kudanganya. Mtu ana malaria, kipimo kinasema hana."

"Na huyo mtu anakuwaje?" Keza aliuliza.

"Anarudi nyumbani kwake akiamini ni mzima."

Keza aliendelea kuosha sahani. Hakuwaza chochote kuhusu nguo zake. Kwake yeye, mashine ilikuwa ndani ya chumba. Lile sanduku la nje lilikuwa bomba la kutolea joto tu.

Jumanne asubuhi aliitwa fundi. Jina lake Modeste, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, aliyetengeneza mafriji na mashine za baridi mtaani hapo kwa miaka mingi. Binti yake Chérie alikaa dawati moja na Keza, ndiyo maana Keza alimwita Papa Chérie. Modeste aliiwasha mashine, akaisikiliza, akaipima, asione ugonjwa. Mwishowe alibadilisha kipuri kidogo cha kuwashia injini, akalipwa, akaenda. Mchana ule ule, saa tisa, mashine ikazimika.

Alhamisi Modeste alirudi bila kuitwa, na safari hii alikuja mchana. Keza alikuwa jikoni aliposikia sauti yake upande wa mbele wa kituo.

"Leo nataka kuiona ikizimika kwa macho yangu. Nipitishe nyuma."

Keza alijikuta anakimbia. Hakujua kwa nini anakimbia. Alijua tu kwamba alikatazwa kuligusa sanduku lile na nguo zake zilikuwa zimelifunika. Alifungua kitenge, akazivuta nguo zote kwa mpigo mmoja, akazitupa ndani ya beseni na kulifunika beseni kwa ungo wa maharage. Modeste alipotokea kwenye kona, pamoja na Mama Generose na Muganga Hyacinthe, mkuu wa kituo, Keza alikuwa amechuchumaa akijifanya anachagua maharage.

Mashine ilikuwa imekwisha kuzimika. Modeste aliweka kiganja juu ya sanduku na kukiondoa haraka.

"Iko moto sana," alisema. Alifungua skrubu, akatoa kifuniko cha pembeni. Harufu ya kuungua ikajaa uani. Waya mmoja karibu na injini ulikuwa umegeuka rangi ya kahawia. "Angalieni. Hii injini inajizima yenyewe ikizidiwa na joto, ili isiungue. Swali ni moja tu: joto linatoka wapi? Mashine kama hii inataka nafasi ya kutoa hewa. Ukiiziba mbele, inakuwa kama mtu anayekimbia huku umemfunga mdomo na pua. Lakini hapa mbele hakuna kitu. Hewa inapita."

Maharage yalimponyoka Keza mkononi.

"Kwa hiyo?" Muganga Hyacinthe aliuliza.

"Kwa hiyo sina jibu la hakika. Naweza kubadilisha waya huu, lakini nisipojua kinachoipasha moto, utaungua tena. Pengine injini yenyewe imezeeka. Siwezi kukuapia kwamba nikitengeneza itapona."

Muganga Hyacinthe aliutazama ule waya. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na masanduku ya dawa hadi darini, na chumba kilichofuata kilikuwa wodi ya wazazi, ya akina mama waliojifungua.

"Izimwe," alisema. "Isiwashwe tena. Siwezi kukaa na moto ukutani. Jumatatu kamati itakutana, tuamue kama tunatengeneza au tunanunua mpya. Minye naona tununue. Fedha tulizoweka za kununulia tangi la maji la wodi ya wazazi zipo, zitaenda huko."

Walipoondoka, Keza alibaki amechuchumaa pale pale. Alitazama ungo uliofunika beseni kana kwamba nguo zingetoka zenyewe na kusema.

Alijiambia: nitamwambia mama jioni hii. Jioni mama alirudi na midomo imekauka, akajilaza bila kula, na Keza akasema kimoyomoyo: kesho.

Kesho yake ilikuwa mbaya zaidi. Habari za mashine zilikuwa zimetembea mtaa mzima usiku mmoja. Wakati wa mapumziko, mvulana mmoja wa darasa lao aitwaye Franck alimzungukia Chérie.

"Baba yako ameuzia kituo kipuri cha zamani! Alikula feza bure! Baba yangu amesema kamati haitamruhusu kukanyaga pale tena."

Chérie alimtazama Keza. "Weye unakaa kule kule. Waambie. Baba yangu aliiharibu?"

Wanafunzi walimgeukia wakimngoja. Neno moja lingetosha. Lakini nyuma ya neno hilo aliuona uso wa Muganga Hyacinthe, akauona mkono wa mama ukiinuka kumpiga, akauona mtaa mzima ukimnyooshea kidole.

"Minye sijui mambo ya mashine," alisema.

Chérie aliokota mfuko wake na kuhamia dawati la nyuma.

Mchana huo Keza alimkuta Arakaza amejikunja kwenye mkeka, macho yake mekundu. Alimgusa shingoni, akarudisha mkono. Mtoto alikuwa anawaka. Alimbeba mgongoni hadi kituoni, na mama akamchoma kidole na kudondosha tone la damu kwenye kipimo. Walisubiri dakika kumi na tano. Ulitokea mstari mmoja tu.

"Asante Mungu, si malaria," mama alisema na kuvuta pumzi, na kwa furaha akasahau wasiwasi wake wa vipimo. "Ni mafua haya ya mvua. Tumpe dawa ya homa alale."

Keza alikitazama kile kipimo juu ya meza. Kilitoka kwenye sanduku la rafu ya juu, karibu na bati, ambapo joto lilikuwa kali kuliko kote. *Kipimo kikipikwa na joto kinaweza kudanganya.* Alifungua mdomo. Mgonjwa mwingine aliingia akikohoa, mama akageuka, na mdomo wa Keza ukafumba.

Asubuhi ya Jumamosi Arakaza alitapika chai. Alitetemeka chini ya mablanketi mawili mpaka meno yakagongana. Keza alipomwita, mtoto alimtazama kama mtu asiyemjua, kisha akaanza kuzungumza na mbuzi ambaye hakuwepo. Mama alimfunga kwa kitenge, akakimbia naye hadi chumba cha Muganga Hyacinthe. Keza alikimbia nyuma yao, pekupeku.

"Jana kipimo kilisema hana," mama alieleza, sauti ikipanda. "Labda ni tumbo. Labda ni typhoïde, ile homa ya matumbo."

"Tuanze na dawa ya tumbo basi," Muganga alisema na kuvuta karatasi.

Keza alishika ukingo wa meza.

"Msiamini kile kipimo," alisema.

Hawakumsikia. Akarudia kwa sauti iliyotoka kama kilio.

"Mama, msiamini kile kipimo! Chumba kilipata joto kwa sababu yangu. Nilikuwa naanika nguo kwenye mashine. Kila mchana. Nilikuwa naifunga mbele kwa nguo mbichi. Papa Chérie alipokuja nilizificha ndani ya beseni."

Kilichosikika ni pumzi fupi fupi za Arakaza tu. Mama alimtazama Keza kwa muda ambao kwa Keza ulikuwa mrefu kuliko wiki zote mbili zile. Alimgeukia Muganga.

"Mtoe damu, uitazame kwenye hadubini," alisema.

Nusu saa baadaye Muganga Hyacinthe aliinua kichwa kutoka kwenye hadubini. "Malaria, na wadudu ni wengi. Mletee dripu. Tumewahi, lakini tusingeweza kuchelewa zaidi ya hapa."

Arakaza alilazwa. Keza alidhani sasa wangemgeukia yeye, lakini watu wazima walikuwa na hofu nyingine. Muganga alilishusha sanduku la vipimo, akafungua daftari la wagonjwa.

"Sijui kwa hakika kama joto ndilo lililokidanganya," alisema. "Kipimo kizima pia hukosea mara moja moja. Lakini kitu nilichokitilia shaka siwezi kukitumia kwa mtu. Tangu chumba kianze kupata joto, tumewaambia watu wengine kumi na wanne kwamba hawana malaria. Lazima wote wapimwe upya, leo."

"Tutawatafuta," Mama Generose alisema. Kisha akamtazama binti yake. "Weye utakuja nami."

Walimwacha Arakaza mikononi mwa muuguzi wa zamu, wakashika njia. Waligonga mlango baada ya mlango. Katika kila nyumba mama alieleza kifupi kwamba vipimo huenda vimeharibiwa na joto, na kila mara Keza aliinamisha kichwa akingoja kusikia kwamba fulani amezidiwa, fulani amekufa. Mwanamke mmoja muuza dagaa alikuwa ameshapona. Mzee mmoja alikuwa bado na homa. Mwanawe alimpakia kwenye pikipiki mara moja. Kufikia saa kumi walikuwa wamewapata kumi na watatu.

Wa kumi na nne alikuwa msichana wa miaka mitano. Mlango wa nyumba ulikuwa na kufuli.

"Bibi yake amemrudisha kijijini Kiringye tangu Jumatano," jirani aliwaambia. "Mtoto alikuwa hachezi."

Keza alikaa chini kwenye kizingiti cha nyumba ile ngeni na kulia. Mama hakumkataza. Alipiga simu kwa muuguzi wa Kiringye, akataja jina la bibi, akangoja. Muuguzi aliahidi kwenda kumtafuta, lakini mvua ilianza, simu ikakosa mawasiliano, na jibu halikuja. Jumapili asubuhi kanisani Keza hakusikia hata neno moja la mahubiri. Alikuwa anamwona mtoto asiyemjua, amelala katika nyumba iliyozungukwa na mashamba, akitetemeka, na watu wakiambiana kwamba ni mafua.

Simu ililia saa sita. Mtoto alikuwa amepatikana. Malaria ilikuwepo. Alikuwa ameanza dawa na amekunywa uji.

Jumatatu kamati ilikutana uani, mbele ya lile sanduku jeupe, kwa sababu Muganga alitaka hivyo. Kulikuwa na watu saba, pamoja na Modeste, aliyesimama mbali kidogo na wengine, mikono mfukoni. Keza aliitwa katikati, akayasema yote upya. Alipofika mahali pa beseni na ungo alisikia mtu akiguna. Hakuthubutu kumtazama Modeste.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mmoja mkali aitwaye Consolée. "Mtoto amesema," alisema. "Lakini tunajuaje kwamba ni nguo tu? Labda mashine imezeeka kweli, na tukiiwasha itatuchomea dawa."

"Tuiulize yenyewe," Modeste alijibu.

Alibadilisha ule waya ulioungua, akasafisha vumbi lililogandamana nyuma ya sanduku, akaiwasha. Feni ikazunguka. Wote walisogea nyuma hatua mbili. Ndoo ya mchanga ilikuwa tayari pembeni. Walingoja saa nzima. Mashine ilinguruma sawasawa, na Modeste akawaalika waguse. Ilikuwa na joto la kawaida.

"Keza, lete nguo mbichi," alisema. "Ziweke kama ulivyokuwa unaziweka."

Fundo la kitenge lilimshinda mara mbili. Alipomaliza alirudi nyuma. Hazikupita dakika ishirini, mngurumo ukabadilika ukawa mzito, sanduku likaanza kutetemeka, kisha tak! Kimya. Modeste alizitoa nguo, akawaacha wangoje. Baada ya muda injini ikapoa, ikawaka yenyewe kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Haiko mgonjwa," Modeste alisema. "Ina miaka kadhaa mbele yake. Msinunue mpya. Ila jengeni uzio wa waya hapa mbele, hatua mbili kutoka ukutani, ili mtu asiizibe tena, na muite fundi aisafishe kabla ya kila msimu wa mvua."

"Na fundi huyo atakuwa weye," Mama Consolée alisema. Alisita kidogo, maana hakuzoea kuomba radhi. "Tulisema maneno mabaya juu yako, Papa Modeste. Tusamehe. Tangi la wodi ya wazazi litanunuliwa kama tulivyopanga."

Watu walipoanza kutawanyika, Keza alimsogelea Modeste.

"Papa Chérie, nisamehe. Niliwaacha wakuite mwizi."

Modeste alifuta mikono kwa kitambaa, polepole.

"Mashine haina mdomo," alisema. "Kazi yangu ni kuihoji mpaka niujue ugonjwa wake. Alhamisi ile nilikuwa nauliza swali kwa sauti, na jibu lilikuwa limekaa pale linachagua maharage. Ungelisema, ningemaliza kazi kwa dakika tano. Uliponyamaza, kosa la nguo likawa kosa la waya, likawa la vipimo, likawa la watoto wawili kitandani. Nimekusamehe. Lakini aliyelia nyumbani kwangu si mimi. Ni Chérie."

Jioni hiyo Arakaza aliomba wali kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Mama Generose alimlisha, akamlaza, akamwacha na muuguzi wa zamu, kisha akajifunga kitenge na kumwambia Keza wafuatane. Walitembea hadi karibu na nyumba ya Modeste. Taa ilikuwa inawaka ndani, na sauti ya Chérie ilisikika akiimba. Keza alisimama.

"Mama, naogopa. Atanifukuza."

"Labda atakufukuza," mama alisema. "Hiyo ni haki yake."

"Wewe pia hujanipiga. Hujanigombeza hata. Hilo linaniogopesha zaidi."

Mama Generose alimshika bega na kumgeuza ili watazamane.

"Sikiliza. Kuanika nguo lilikuwa kosa la mtoto aliyetaka kwenda shule na sare safi. Nilikukataza, ukakaidi; kwa hilo utaniandikia joto la chumba cha dawa asubuhi na jioni mpaka mwaka wa shule uishe, na utalisoma kwa macho yako, si kwa kubahatisha. Lakini kilichoniuma ni zile siku mbili. Ulijua, na ulimbeba mdogo wako mgongoni ukijua. Nilipojiuliza moyoni kwa nini, nilijijibu: aliogopa. Keza, mimi ni mkubwa na bado naogopa. Jumamosi, pale kwenye ule mlango wenye kufuli, niliogopa kama weye. Hofu haingoji uiruhusu, na haitaondoka kwanza ndipo upate nafasi ya kusema ukweli. Utangoja bure. Sema huku unaogopa."

Keza alifuta uso kwa ukosi wa blauzi. Alivuka uwanja mdogo, akabisha hodi, na Chérie alipofungua mlango na kusimama pale bila tabasamu, Keza alianza kusema.